Sekstingi na Afya ya Akili: Maswali na Majibu

Neno "sekstingi" lina maana gani, na limetoka wapi?

Ni kutumiana kwa simu ujumbe, picha au video za kingono. Neno hili limeunganisha maneno mawili ya Kiingereza, moja la ngono na jingine la kuandikiana ujumbe mfupi. Gazeti moja la Australia la mwaka 2005 hutajwa miongoni mwa ya kwanza kulichapisha, na kamusi ya Merriam-Webster ililiingiza mwaka 2012. Kwetu husemwa "kutumiana picha za utupu". Video iliyovuja, vijana wa Tanzania huiita "koneksheni", jina jepesi mno kwa jambo ambalo mara nyingi mwenye mwili ule hakuliridhia.

Je, sekstingi ni ugonjwa?

Hapana. Kinachoumiza zaidi ni kukosekana kwa ridhaa: kushinikizwa utume, kutishiwa, au picha kusambazwa. Aliyefanyiwa hivyo anaweza kukosa usingizi, kuacha shule au kazi, kupata sonona, hata kuwaza kujiua, na lawama za jamaa humzidishia maumivu wakati mkosaji ni aliyesambaza.

Nilituma picha kwa "tazama mara moja", yaani ifunguke mara moja tu. Niko salama?

Si kikamilifu, kwa kuwa mpokeaji anaweza kuipiga picha skrini yake kwa simu nyingine. Picha ulizohifadhi huweza pia kuonekana simu inapokuwa kwa fundi bila nywila.

Picha zangu zimevuja, au ninatishiwa. Nifanye nini?

Usilipe, kwa sababu anayelipwa mara nyingi hurudi kudai zaidi. Hifadhi ujumbe wa vitisho, namba na tarehe, kisha toa taarifa polisi. Nchini Kenya, sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018 humwadhibu msambazaji kwa faini isiyozidi shilingi 200,000, kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Mwenye miaka 18 na zaidi anaweza kutumia StopNCII.org, huduma iliyoanza mwaka 2021: hutengeneza alama ya kidijitali ya picha ndani ya simu yako, picha yenyewe haitoki, na mitandao iliyojiunga huitumia alama hiyo kuitambua na kuizuia. Kwa mtoto, Kenya na Tanzania zina namba 116, isiyotozwa malipo.

Ukianza kuwaza kujiua, mwambie mtu unayemwamini akusindikize hospitali siku hiyo hiyo.