Je, wajua kwa nini darasa huitikia "Yes" hata lisipoelewa?

Januari, Kidato cha Kwanza, kipindi cha dakika 40. Mwalimu wa Kiingereza anamaliza maelezo, anageuka kutoka ubaoni na kuuliza, "Are we together?" Watoto 70 wanajibu kwa mpigo, "Yeees!" Anawapa zoezi. Akipita kati ya madawati anakuta wengi wamenakili maswali bila kujibu hata moja, na wengine wanachungulia daftari la jirani ili wajue wameambiwa wafanye nini.

Ofisini kwa walimu maelezo yake huwa hayakawii: watoto hawa ni waoga. Lakini mwoga hunyamaza, na hawa wamepaza sauti mpaka darasa la jirani limesikia. Basi ni waongo? Mwongo anaujua ukweli na anauficha, ilhali wengi wa hawa hata hawajapata nafasi ya kujiuliza kama wameelewa au la. Maelezo ya tatu ndiyo yanayopendwa zaidi: Kiingereza hawakijui, kwa hiyo wanajibu tu. Hili lina chembe ya ukweli, na ndiyo maana linapotosha kuliko yale mawili.

Lipime hivi. Kwa sauti ileile na mwendo uleule wa maelezo, sema: "Dodoma is in Kenya. Are we together?" Usishangae ukipokea "Yes" nono, kisha vicheko kutoka kwa wachache waliogundua wamejibu nini. Hakuna mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza nchini Tanzania asiyejua Dodoma iko wapi, na sentensi ile haina neno gumu hata moja. Sasa mwangalie mmoja, shusha sauti, uliza "Where is Dodoma?" Atajibu sawasawa. Ujuzi wa lugha ni uleule, muda uliopita ni sekunde chache. Kilichobadilika ni aina ya swali.

"Are we together?" ina umbo la swali, lakini kazi inayoifanya darasani ni ya "Paukwa!" Msimulizi akisema "Paukwa!" wasikilizaji hujibu "Pakawa!" na hakuna anayechukulia jibu hilo kuwa ushahidi kwamba wameielewa hadithi. Hadithi yenyewe haijaanza. Jibu linasema tu: tupo, endelea. Mtoto aliyechelewa, aliyekaa sasa hivi na asiyejua inasimuliwa hadithi gani, atajibu "Pakawa" kwa ufasaha sawa na wenzake. Na kama msimulizi angelitamka "Paukwa" kwa unyonge, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, nusu ya wasikilizaji wangebaki wanatazamana, kwa sababu wanachokifuata zaidi ni lile wimbi la sauti.

Darasani wimbi hilo lina alama zinazosikika. Sauti ya mwalimu hupanda mwishoni, kisha anakata ghafla na kuacha pengo. Wakati mwingine pengo linaachwa katikati ya sentensi: "Plants make their own...?" nao wanajibu "Food!" Wakati mwingine hata neno linakatwa: "Photosyn...?" "Thesis!" Anayemalizia mkia wa neno amethibitisha kwamba anaujua mkia. Tena si wote wanaoanza pamoja. Ukitazama midomo badala ya kusikiliza, utaona wachache wa mbele wanatangulia na wengine wanadakia baada ya sehemu ndogo ya sekunde. Masikio ya mwalimu yanasikia sauti moja ya watu 70, kumbe walioamua ni watano.

Mtaalamu wa isimu wa Afrika Kusini, Keith Chick, alichapisha mwaka 1996 uchambuzi wa somo la hisabati lililofundishwa kwa Kiingereza katika shule ya Wazulu, na akauita mtindo huu mazungumzo salama. Hoja yake ni kwamba kuitikia kwa pamoja huwasitiri wote. Mwanafunzi haumbuki kwa kukosea, mwalimu haumbuki kwa kutoeleweka, na somo linaonekana limekwenda. Ikumbukwe kwamba uchambuzi wa aina hiyo ni wa kusoma mazungumzo mstari kwa mstari, tena katika shule za enzi ya ubaguzi wa rangi. Unaonyesha jinsi jambo linavyotokea, hauhesabu linatokea mara ngapi. Hata hivyo, mwalimu yeyote wa Tanga au Kigoma akiyasoma mazungumzo yale atayatambua.

Kwa nini Januari ndiyo ya kuangaliwa? Shule nyingi za msingi za serikali Tanzania hufundisha kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, na katikati kuna kozi ya awali ya wiki chache tu. Tabia itakayoota katika wiki hizo kwenye kipindi cha Kiingereza ndiyo watakayoirithi walimu wa Biolojia na Jiografia.

Kuna sababu nyingine, ya kiufundi kabisa, na ndiyo inayostahili kushughulikiwa siku ya kwanza. "Yes" ni silabi moja. Kusema hujaelewa kunadai sentensi nzima, na mtoto hana sentensi hiyo. Hata akiwa jasiri kama simba, atakosa maneno. Kwa hiyo kabla ya nyakati za vitenzi, kabla ya "My name is", fundisha sentensi nne: "Please say it again." "I don't understand this word." "What does ... mean?" "How do we say ... in English?" Ziandike kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila, herufi za urefu wa sentimita tano hivi ili wa nyuma wasome, na uibandike pembeni mwa ubao, isiwe juu yake, maana ya juu huzoeleka na kusahaulika. Kisha zifanyie mazoezi kwa makusudi: toa agizo kwa kunong'ona, au tumbukiza neno wasilolijua katikati ("Open your blimp") na usiendelee mpaka mmoja atumie sentensi iliyopo ukutani. Wa kwanza kuitumia atachekwa. Mjibu papo hapo, kwa uzito uleule, bila kumpongeza kupita kiasi, kwani sifa nyingi nazo humfanya aonekane kituko.

Hatua inayofuata ni kuondoa "Understand?" na kuweka swali ambalo hajibu sawasawa ila aliyeelewa. Tuseme umefundisha "She used to live in Tanga." Usiulize kama wameelewa "used to". Uliza: "Does she live in Tanga now?" Darasa likijibu "Yes", umegundua tatizo kabla ya zoezi badala ya baada ya kusahihisha madaftari 70. Swali zuri la namna hii halitumii muundo unaoupima, linajibika kwa neno moja au mawili, na, jambo ambalo wengi husahau, jibu lake sahihi liwe "No" karibu nusu ya nyakati. Ukiuliza maswali matano ambayo yote jibu lake ni "Yes", umerudi kwenye "Pakawa".

Maagizo yanapimwa vivyo hivyo. Umesema: "Read paragraph two and underline five verbs. Don't write in your exercise books." Kabla hawajaanza: "Which paragraph? How many verbs? Do you write in your exercise books?" Sekunde kumi na tano tu. Ukiziruka, utazilipa kwa kuzunguka meza kwa meza ukirudia agizo lilelile.

Baada ya kuuliza, nyamaza. Hapa ndipo panapowashinda hata walimu wazuri. Mary Budd Rowe, aliyechunguza masomo ya sayansi Marekani katika miaka ya 1970, alikuta walimu wanasubiri wastani wa sekunde moja hivi kabla ya kurudia swali au kumwita mwingine. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na wasiojibu walipungua. Wale walikuwa watoto wa Marekani, na sekunde tatu si sheria ya kuchongwa kwenye jiwe. Mtoto anayesikia swali kwa Kiingereza, akalitafakari kwa Kiswahili na kulirudisha kwa Kiingereza huenda akahitaji zaidi. Kosa la kawaida ni kuujaza ukimya kwa kuuliza upya kwa maneno mengine. Mwalimu anadhani anasaidia, lakini mtoto aliyekuwa amefika nusu ya sentensi ya kwanza sasa ana sentensi mpya ya kuanza nayo. Ukirudia, rudia neno kwa neno. Na jina la mwanafunzi lije baada ya swali. Likitangulia, wengine 69 wamekwisha kupumzika.

Kwa darasa kubwa, vidole vinafanya kazi ambayo sauti haiwezi. Andika ubaoni majibu matatu yaliyopewa namba, na yale mawili yasiyo sahihi yawe makosa ambayo watoto huyafanya kweli, yasiwe ya kuchekesha. Wape sekunde tano za kufikiri mikono ikiwa mezani. Hesabu "three, two, one", kila mmoja aonyeshe kidole kimoja, viwili au vitatu kifuani. Kifuani, si hewani: mkono ukiwa juu, aliye nyuma anapata jibu la bure. Anza kutazama safu za nyuma. Ukiona vidole vinavyobadilika njiani, hao ndio wadakiaji wako, na sasa umewajua kwa sura.

Unachofanya na matokeo ndicho chenye thamani. Eric Mazur, mwanafizikia wa Harvard, alieneza kanuni ambayo haihitaji kifaa chochote: waliopata wakiwa kati ya asilimia 30 na 70, usieleze tena. Waache wazungumze na jirani kwa dakika mbili, kisha wapige kura upya. Chini ya 30, fundisha upya kwa mfano mwingine. Juu ya 70, endelea. Na katika dakika hizo mbili waache wazungumze Kiswahili. Najua shule nyingi zina kibao cha "Speak English" getini na adhabu yake, lakini mtoto anayemweleza jirani kwa Kiswahili kwa nini jibu ni namba mbili ametoa ushahidi mzito kuliko "Yes" elfu moja. Jibu la mwisho mbele ya darasa ndilo litolewe kwa Kiingereza.

Mwisho wa kipindi, angalau mara moja kwa wiki, kusanya robo karatasi kutoka kwa kila mmoja, sentensi moja tu. Usizisahihishe. Zigawe katika mafungu matatu: wamepata, wamepata nusu, hawajapata. Kwa sekunde kumi kila moja, karatasi 70 ni dakika 12, na fungu la tatu ndilo linaloamua kesho utaanzia wapi.

Kuitikia kwa pamoja kusifutwe kabisa. Kwa matamshi ni dawa: mzoea silabi zinazoishia na irabu huudondosha mwisho wa "asked" au huuongezea "i", na kuurudia mara sita ndani ya sauti ya wengi kunamwezesha kukosea bila kuonekana. Kurudia pamoja ni zoezi. Tatizo huanza pale kujibu pamoja kunapochukuliwa kuwa kipimo.

Na kuna mtego mmoja ambao hata vidole haviuoni. Mwalimu aliyechoka huuliza, "You haven't understood?" Nao wanajibu, "Yes." Safari hii huenda wanasema kweli. Kwa Kiswahili, ukiulizwa "Hujaelewa?" na kweli hujaelewa, unajibu "Ndiyo, sijaelewa", unakubaliana na kauli. Kiingereza kinataka "No, I haven't." Mwalimu anasikia wameelewa, wao wamesema hawajaelewa, na kila upande una uhakika umeeleweka. Maswali ya kukanusha yasubiri mpaka Machi.