Mauntingi Huundwa, Haichongwi

Jumamosi iliyopita kijana mmoja wa mtaani kwetu alinijia na picha kwenye simu. Ana Land Rover ya chesisi ndefu, ile ya 109. Injini yake ya petroli ya lita 2.25 ilikufa, akaing'oa na kupachika ya Toyota ya dizeli, 3L ya lita 2.8, ile ile iliyobeba Hiace za daladala miaka nenda rudi. Kazi yote kaifanyia uani kwao, injini ikining'inia kwa cheni bloku kwenye tawi la mwembe.

"Shikamoo mzee. Nimechonga mauntingi, nimechonga adapta, na bushi nimechonga. Vyote mwenyewe."

Nilimpongeza, na pongezi zilitoka moyoni, kwa sababu najua jasho la kuishusha injini ya gari moja ikakaa ndani ya gari lisiloijua. Lakini neno hilo moja, kuchonga, alilitumia mara tatu kwa kazi tatu zisizofanana: mauntingi ni mkono unaoishika injini kwenye chesisi, adapta ni bamba la kuiunganisha na giaboksi, na bushi ni kibomba kinachoipokea ncha ya shafti. Nimelisikia likitumiwa hivyo gereji baada ya gereji. Safari hii nimeona nilieleze.

Maana zenyewe ni fupi. Kuchonga ni kupunguza: una kipande, unakata na kukwangua mpaka kibaki unachokitaka. Kukereza nako ni kupunguza, ila kitu chenyewe ndicho kinachozunguka na kisu kimetulia, kwa hiyo kinachotoka huwa cha mviringo. Kuunda ni kukusanya: unakata vipande kadhaa, unavikunja, unavitoboa, kisha unavifunga pamoja viwe kitu ambacho hakikuwepo. Kulehemu, au kuchomelea kama wengi tusemavyo, ni njia mojawapo ya kufunga hivyo vipande.

Basi, hapo hakuna ugumu. Kinachonikera ni kwamba lugha yetu iliyatenganisha mambo haya zamani sana, kabla gari halijafika pwani, nasi tumeyachanganya wenyewe.

Mwulize mtu yeyote wa pwani: mtumbwi hufanywaje? Atakwambia huchongwa. Gogo moja la mwembe au la mti mwingine linalazwa, tezo inaingia, ndani panatolewa, nje panatolewa, na mwisho wake chombo ni kile kile gogo lililopungua. Sasa mwulize kuhusu jahazi. Hatakwambia limechongwa. Jahazi huundwa. Kuna mkuku, kuna mataruma, kuna mbao za ubavuni, na kila kipande kimetoka mti wake. Mbao moja moja ndani ya jahazi zimechongwa, ndiyo, lakini jahazi lenyewe limeundwa. Na ule mtepe wa Lamu, uliofungwa kwa kamba za nazi bila misumari, wazee walisema umeshonwa. Kwa hiyo njia ya kuunganisha nayo ilikuwa na neno lake.

Neno kuunda halikufa. Limehamia ofisini. Siku hizi huundwa tume, huundwa kamati, huundwa baraza, na "muundo" umekuwa neno la wataalamu wa utumishi. Limetoka ufukweni likavaa tai. Nadhani ndiyo maana kijana mwenye grainda mkononi anaona haya kusema "nimeunda mauntingi". Linamkalia kama neno la taarifa ya habari. Lakini ndilo neno la fundi tangu mwanzo. Kiunzi ni ndugu yake wa damu, na kila anayejenga anajua kiunzi ni nini.

Kuchonga, kwa upande wake, limepanda cheo kwa njia inayoeleweka. Dar es Salaam ukikosa spea dukani utaambiwa ukachongeshe Gerezani. Huko kweli huchonga: mtu anachukua nondo nene au kipande cha chuma cha gari bovu, anakitia mashine, unaondoka na kipuri. Wakazoeleka kuitwa wachongaji, na kila kipuri kisichotoka kwenye boksi la kiwandani kikaitwa cha kuchonga. Kuchonga kinyago na kuchonga kalamu ya risasi kunatukumbusha kila siku kwamba neno hili lina kisu ndani yake na kwamba kuna maganda yanayoanguka sakafuni. Mauntingi ya huyu kijana haikuangusha maganda. Ilirusha cheche.

Na kukereza ndilo linaloniuma zaidi, kwa kuwa linakaribia kusahaulika. Ni neno la maseremala wa pwani. Miguu ya vitanda vya zamani vya Unguja na Lamu, ile yenye mapete na viuno, imekerezwa. Mashine ya kukerezea ina jina lake, kerezo. Leo kila mtu anasema "mashine ya lethi", na anayeitumia anaitwa mchongaji, wakati ni mkereza kwa kila hali. Sisemi tuitupe lethi. Imeshaingia na imekaa. Nasema tu kwamba kazi inayofanywa pale ina kitenzi chake tayari.

Kulehemu nalo lina asili nzuri. Limetoka kwenye shina la Kiarabu la kushikamana, shina hilo hilo ambalo Waarabu hulitumia wakisema kidonda kimefunga. Lieleweke hivyo, maana ndani yake mna onyo. Kidonda kikifunga huacha kovu, na kovu huvuta ngozi. Lehemu ikipoa nayo hunywea na kuvuta chuma. Hakuna bamba utakalolichomelea upande mmoja likabaki limenyooka kama ulivyolianza.

Hapo ndipo maneno yanapoacha kuwa ya kamusi. Katika kubadili injini nyumbani, vipuri usivyoweza kuvinunua vinagawanyika kufuata vitenzi hivi, na kila kitenzi kinakwambia kazi ifanyike wapi.

Mauntingi huundwa. Ninaposema mauntingi hapa nakusudia ule mkono wa chuma unaotoka kwenye injini hadi kwenye chesisi, raba ikiwa katikati. Unaipandisha injini mpaka ikae panapotakiwa: sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, isigonge ekseli, feni isiguse rejeta, na mteremko wa injini uende sambamba na pinioni ya difu, ili viungo vya krosi vilivyo mbele na nyuma ya propela, shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli, vifanye kazi kwa pembe zinazolingana. Ukiisha kuridhika, unakata kadibodi, unaijaribu, unaikata tena. Kadibodi ikikubali unahamishia kwenye bamba la milimita 6. Unavishika vipande kwa nukta chache za lehemu injini ikiwa bado inaning'inia, kisha unautoa mkono wote nje na kuumaliza kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, ukichomelea mara huku mara kule, ili mvuto ugawanyike. Matundu ya boliti yawe marefu kidogo, na raba itameza makosa madogo yaliyobaki. Kazi hii inasamehe. Mtu mwenye grainda, drili na mashine ya kuchomelea anaweza kuifanya chini ya mwembe na ikadumu. Betri iondolewe nyaya kwanza, bomba la mafuta lisogezwe mbali, na bamba lenye zinki lisichomwe, moshi wake unatia homa.

Adapta haiundwi. Namaanisha lile bamba linalokaa kati ya injini ya Toyota na nyumba ya klachi ya Land Rover, lenye matundu ya boliti za huku na za kule. Hii huchongwa kutoka kipande kimoja kinene, kwa sababu inatakiwa mambo mawili ambayo lehemu haiwezi kuyatoa: nyuso zake mbili ziwe sambamba, na kitovu chake kiwe pale pale kilipo kitovu cha krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini. Kipimo kinachokubalika na mafundi wengi ni kwamba ukiifunga saa ya kupimia kwenye flaiwili, gurudumu zito lililo mwishoni mwa krenki, na kuizungusha ndani ya tundu la nyumba ya klachi, mshale usitembee zaidi ya inchi 0.005, yaani kama milimita 0.13. Unywele wa mtu hauko mbali na hapo. Pini za kuelekeza ndizo zinazolishika bamba mahali pake. Boliti kazi yake ni kukaza, haina kazi ya kuelekeza, na matundu marefu yaliyotufaa kwenye mauntingi hapa ni balaa.

Bushi nayo hukerezwa. Ncha ya shafti ya giaboksi hukaa ndani ya kibushi kidogo mwishoni mwa krenki. Bamba la milimita 20 likiingia katikati, giaboksi nzima imerudi nyuma milimita 20, na ncha ile haifiki tena. Kwa hiyo inahitajika bushi mpya ya bronzi, ndefu kuliko ya awali, nje ienee kwenye krenki na ndani iienee shafti. Ni kitu cha mviringo ndani na nje, na miduara yote miwili lazima iwe na kitovu kimoja. Tupa haiwezi. Drili ya mkononi haiwezi. Anayeweza ni yule anayekizungusha chuma mbele ya kisu.

Kijana aliponiachia simu nikaikuza picha. Mauntingi zake zilikuwa nzuri, nakiri hivyo bila kumpamba; zina pembetatu ya kuzikaza na lehemu yake imeingia. Adapta lakini ilikuwa mabamba mawili membamba yaliyozungushiwa lehemu ukingoni, na bushi ilikuwa kipande cha bomba kilichopigwa tupa. Nikamwuliza giaboksi inalia? Akanyamaza kidogo, kisha akasema inalia ukikanyaga klachi, na gia ya kwanza ni ya kubembeleza.

"Nani alikwambia adapta inachomelewa?"

"Hakuna mzee. Fundi niliyempigia aliniambia tu, chonga. Na mauntingi nilikuwa nimeshachonga, nikajua ni kazi ile ile."

Sikuwa na la kumlaumu. Fundi alitumia neno kwa haki yake, kijana akalisikia kwa maana aliyoizoea. Kama mauntingi ingekuwa imeundwa mdomoni mwake kama ilivyoundwa mikononi mwake, lile "chonga" lingemshtua. Angeuliza: nichonge kwa kitu gani, mimi sina mashine?

Najua wenzetu wa Nairobi watasema wao hawana tatizo hili, kwa sababu kwa mafundi wao wa jua kali kila kitu "hutengenezwa". Nalo ni neno zuri, na Kamukunji wanatengeneza vitu vya kunishangaza mpaka leo. Ila kutengeneza kunafunika hata zaidi ya kuchonga. Ni kumwambia daktari "naumwa" halafu ukanyamaza.

Tulikaa naye tukaling'oa bamba lile. Tukaliweka juu ya kioo cha dirisha kilicholazwa mezani, tukapitisha geji ya bapa, vibamba vyembamba vya kupimia mwanya, chini ya ukingo wake. Lilikuwa limejipinda kama sahani, na aliliona mwenyewe bila mimi kusema kitu. Anazo boliti zake, anavyo vipimo vya matundu, na amepata kipande cha alumini cha unene wa kutosha. Atakipeleka kwa mwenye mashine wiki hii.

Nimemwomba jambo moja tu. Akifika pale asiseme "nichongee hivi vitu". Aseme: "Nichongee bamba hili, na bushi unikerezee. Mauntingi nimeunda mwenyewe."