Jicho likigoma kutazama nje: dhana potofu kuhusu neva ya sita

"Anaona vitu viwili viwili? Mpelekeni akapimwe miwani." Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, na mara nyingi mgonjwa hurudi na miwani mipya huku vitu vikiwa bado viwili. Jicho lenyewe ni zima. Kilicholegea ni msuli wa upande wa nje, unaopokea amri kutoka neva ya sita kati ya jozi 12 za neva za kichwani. Ya kushoto ikishindwa, jicho la kushoto haliendi upande wa sikio. Huishia katikati au huvutwa puani. Ndiyo maana mtu anasoma meseji kwenye simu vizuri tu, ila daladala ikitokea mbali anaona mbili, ubavu kwa ubavu. Wengine hugeuza uso upande wa jicho bovu bila kujijua, ili picha zikutane.

"Basi ni mtoto wa jicho." Funika jicho moja, kisha funika la pili. Picha ya ziada ikitoweka kila mara, macho hayalengi pamoja. Ikibaki hata ukitazama kwa jicho moja, hapo ndipo mtoto wa jicho awe kwenye orodha.

Hata wanafunzi wa udaktari wana dhana yao: eti neva hii huumia upesi kwa kuwa ndiyo yenye safari ndefu kuliko zote ndani ya fuvu. Ya nne inaishinda. Tatizo la ya sita ni njia yake: hutoka kwenye shina la ubongo, hupanda ikiegemea mfupa, hupenya mahali pembamba inaposhikiliwa, kisha hupita kando ya ateri kubwa kabla ya kufika jichoni. Presha ndani ya fuvu ikipanda, neva huvutika kama kamba ya kuanikia nguo. Kwa hiyo jicho linaweza kugoma ilhali ugonjwa uko mbali na neva hiyo.

Hapo ndipo inapoingia dhana ninayoiogopa kuliko zote: "Ukitolewa maji ya mgongo, unapooza." Mtu mwenye VVU ambaye kinga yake imeshuka sana, kichwa kimemuuma wiki kadhaa, sasa anaona viwili viwili: daktari atashuku homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi wa kriptokokasi. Ndugu wanakataa kipimo. Lakini kwa mtu mzima, kamba ya neva iliyo ndani ya uti wa mgongo huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na sindano huchomwa chini ya hapo. Tena maji hayo hayatolewi kwa kupima tu. Kwa ugonjwa huu kuyapunguza ni sehemu ya tiba, kwa sababu hushusha presha ya kichwani. Daktari akihofia uvimbe kwenye ubongo, huagiza picha ya kichwa kwanza.

"Amerogwa." Mwenye kisukari au presha ya damu huweza kulala mzima na kuamka jicho limepinda, kwa sababu mishipa midogo ya damu inayolisha neva imeziba. Wengi wa hawa hupona wenyewe ndani ya miezi 3 hadi 6, na mganga hujichukulia sifa. Wakati wa kusubiri, kufunika jicho moja au kuvaa kioo cha prizimu huondoa picha ya pili. Upasuaji wa msuli kwa kawaida hungoja hadi ionekane kwamba neva hairudi tena.

"Mtoto hana shida, angesema." Mdogo huwa hasemi, kwa kuwa ubongo wake huizima picha ya jicho lililopinda, na jicho hilo likaja kudhoofika. Makengeza yaliyoanza ghafla pamoja na kutapika au kuumwa kichwa ni ya kupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Na kama sikio limekuwa likitoa usaha, kisha jicho la upande uleule likapinda, maambukizi huenda yameshafika ndani kabisa ya mfupa wa sikio, ambako dawa ya matone haiwezi kuyafikia.