Noble Johnson hakubeba sinia tu

Wengi huamini kwamba katika sinema za mwanzo za Marekani mwigizaji mweusi alikuwa wa kubeba sinia na kufungua milango, basi. Noble Johnson, mwigizaji mweusi mzaliwa wa Missouri mwaka 1881, anatulazimisha kuitazama upya historia hiyo.

Mwaka 1916 alishiriki kuanzisha Lincoln Motion Picture Company, kampuni ya watu weusi, akawa rais wake. Katika filamu yao ya kwanza aliigiza mhandisi kijana aliyehitimu Tuskegee, chuo cha watu weusi huko Alabama, anayekwenda California, kisha akagundua mafuta kwenye shamba la baba yake. Mhandisi mweusi, mwaka 1916! Familia ilishirikiana: George, nduguye, alikuwa mfanyakazi wa posta Omaha huku akiisimamia kazi ya kampuni.

Noble aliachana na Lincoln mwaka 1918, akaendelea kuigiza kwenye studio kubwa za Hollywood. Huko aliigiza machifu wa Wahindi Wekundu, Mnubi, mkuu wa kisiwa katika *King Kong* (1933). Mwaka 1932 alipakwa vipodozi vya kumfanya aonekane mzungu, akaigiza mhusika Ivan, Mrusi. Kwangu hilo ndilo linaloumiza: Hollywood ilimkubalia awe Mrusi, lakini mhandisi yule hakumpa tena.