Mazuku hayachagui mtu

Neno mazuku ni letu. Wataalamu wa volkano kutoka nchi za mbali huliandika hivyo hivyo katika makala zao, kwa sababu walipofika Goma na vifaa vyao walikuta watu wameshaupa jina upepo mbaya unaoua bila kuonekana. Mimi napima gesi hiyo kama kazi, na nataka nieleze ni wapi nakubaliana na wazee wetu, wanaosema ni mapepo, na ni wapi siwezi.

Asubuhi moja ya baridi, upande wa Bulengo kwenye barabara ya Sake, nilisimama ukingoni mwa shimo lililo katikati ya mawe ya volkano. Mama mmoja mzee akanishika mkono. “Mwanangu, usishuke. Wenyewe hawajatoka bado. Ngoja jua lipande.” Sikuwa nashuka. Nilikuwa nateremsha kwa kamba mpira mwembamba wa kuvutia hewa. Usawa wa kiuno, hewa ilikuwa karibu ya kawaida. Usawa wa magoti, namba zikaruka. Chini kabisa, kifaa kikafika mwisho wa kipimo chake. Kando ya jiwe palikuwa na ndege wawili wamekufa, manyoya yao mazima.

Yule mama alikuwa sahihi kuhusu mahali, na sahihi kuhusu saa. Gesi yenyewe ni kabonidioksidi. Inatoka chini kabisa, kwenye mwamba ulioyeyuka, inapanda kupitia nyufa za ardhi mpaka kwenye mashimo ya lava ya zamani. Ni nzito mara 1.5 kuliko hewa, kwa hiyo inatiririka na kutuama kama maji. Usiku usio na upepo inajaa. Jua likipasha mawe na upepo wa ziwa ukianza, inapungua. Hewa tunayovuta kila siku ina gesi hii asilimia 0.04 tu, ikifika asilimia 10, mtu huzimia kwa dakika chache, na chini ya mazuku makali imepimwa hata zaidi ya asilimia 50. Haina rangi wala harufu, ingawa ikiwa nyingi huchoma puani kama asidi. Watu husema pepo amewapiga kofi la pua. Hawadanganyi, kitu kimewachoma kweli.

Kwa hiyo sidharau hata kidogo. Miaka mingi ya kuangalia mbuzi waliokufa na wadudu waliolala chali ni elimu, hata kama hakuna aliyeiandika.

Tunaachana kwenye swali la nani.

Ukisema ni pepo, basi lazima pepo awe na sababu. Kwa nini amemchukua mtoto na kumwacha mama yake, nao walikuwa pamoja wakitafuta kuni? Nimekaa kwenye msiba wa namna hiyo. Ilipofika jioni, shemeji walikuwa wameanza kunong’ona kwamba mama amemtoa mtoto kafara. Mwanamke aliyepoteza mwanawe asubuhi anaulizwa usiku amefanya nini! Jibu lilikuwa urefu wake tu. Pua ya mama ilikuwa juu ya gesi, ya mtoto ilikuwa ndani yake.

Jambo hili ni la kale kuliko mji wetu. Huko Hierapolis, katika Uturuki ya leo, kulikuwa na lango lililoaminiwa kuwa la kuzimu. Makuhani waliingiza ng’ombe dume, ng’ombe wakafa, wao wakatoka wazima, na watu wakaona mkono wa mungu. Strabo, mwanajiografia Mgiriki, alirusha shomoro ndani wakafa papo hapo. Vipimo vya siku hizi vimekuta gesi ile ile, imelala chini, pua ya ng’ombe iko ndani yake na kichwa cha kuhani kiko juu.

Pale msibani niliwasha mshumaa, nikawapeleka shemeji wale ukingoni, nikauteremsha kwa kamba. Ulizimika kabla ya kugusa chini. Hakuna aliyesema neno. Lakini naomba mtu asiugeuze mshumaa kuwa kipimo: mwili huanza kuumia kabla moto haujazimika, kwa hiyo mshumaa unaowaka si ruhusa ya kushuka.

Na kuna mashimo ambayo gesi haiondoki ndani yake hata mchana wa jua kali. Hapo kanuni ya yule mama mzee, ya kungoja jua, haitoshi, na hapo ndipo tunapozika watu wawili badala ya mmoja. Ndugu anamwona ndugu ameanguka, anaruka, anainama kumnyanyua, na kwa kuinama tu ameweka uso wake pale ulipo uso wa mwenzake. Usiingie. Mvute kwa kamba au mti mrefu ukiwa juu. Ukijenga, usijenge bondeni, na watoto wasilale chini kwenye sakafu.

Yule mama mzee tunaonana bado. Nilimweleza yote haya, akasikiliza mpaka mwisho, na bado anawaita wenyewe. Sijamkataza. Ameomba nimwoneshe mashimo ambayo gesi yake haipungui mchana, tukayazungukia pamoja, akayawekea mawe pembeni. Mbuzi wake sasa huwafunga upande wa juu wa mawe hayo, na wajukuu wake hawapiti pale hata jua likiwa utosini.