Je, Wajua Kwa Nini Waya wa Lehemu Usio na Risasi ni Ghali?

Chukua roli mbili za waya wa lehemu zenye uzito sawa, moja ya bati na risasi, nyingine isiyo na risasi. Ya pili ni ghali zaidi. Tofauti hiyo hutoka kwenye mchanganyiko wenyewe.

Lehemu ya kawaida ya elektroniki ina bati asilimia 63 na risasi 37. Risasi ni metali ya bei nafuu, na hapo inajaza zaidi ya theluthi ya uzito. Lehemu isiyo na risasi iliyoenea zaidi huitwa SAC305: bati asilimia 96.5, madini ya fedha 3, shaba 0.5. Yaani nafasi ya risasi imechukuliwa karibu yote na bati, ambalo ni ghali zaidi, halafu kila kilo ikatiwa gramu 30 za madini ya fedha. Mahitaji yake yalipanda hasa baada ya Umoja wa Ulaya kuzuia risasi katika vifaa vingi vya elektroniki kuanzia Julai 2006.

Madini ya fedha yana kazi yake. Bati lenye shaba asilimia 0.7 tu huyeyuka kwenye nyuzi 227 za Selsiasi. SAC305 huanza kuyeyuka kwenye 217, hutandaa vizuri zaidi juu ya shaba, na viungo vyake huvumilia vizuri zaidi kupata joto na kupoa mara kwa mara. Ile ya 63/37 huyeyuka kwenye 183.

Je, fundi wa mkono abane matumizi hapa? Piga hesabu. Mita moja ya waya wa 63/37 wenye unene wa milimita 0.8 ina uzito wa gramu 4 hivi. Mguu mmoja wa kijenzi (kipande cha elektroniki) kilichopita kwenye tundu la bodi ukila milimita 6 za waya, roli la gramu 100 linatoa viungo karibu 4,000. Kwa SAC305, madini ya fedha katika kiungo kimoja hayafiki miligramu 1. Kubana hapo hakuna maana. Kiwandani mambo ni tofauti: tangi la lehemu iliyoyeyushwa lenye kilo 300 za SAC305 lina kilo 9 za madini ya fedha, ndiyo maana viwanda vingi hujaza tangi lehemu ya bati na shaba. Ukoko unaoelea juu ya tangi nao usitupwe, kwa kuwa sehemu kubwa yake ni metali nzima iliyonaswa ndani ya oksidi. Unauzika kwa wasafishaji wa metali.

Hasara halisi ya fundi ipo kwenye kurudia kazi na kwenye ncha za pasi ya kulehemu. Bati la moto hula chuma kilichofunika ncha, na likiwa jingi na joto kali, hula haraka zaidi. Kwa 63/37 weka pasi kati ya nyuzi 320 na 350. Kwa SAC305, 350 hadi 380. Gusa pedi (kipande cha shaba kwenye bodi) na mguu kwa pamoja kwa sekunde 1 au 2, lisha waya upande wa pili wa mguu, si juu ya ncha, ondoa waya kwanza kisha pasi. Sekunde 4 zinatosha. Ukizidisha, flaksi (dawa ya kusafisha metali iliyo ndani ya waya) inaungua, gundi inayoshika pedi inalegea, na pedi ikibanduka umeingia gharama kubwa kuliko roli zima la waya. Kabla ya kuzima pasi, acha tone la lehemu kwenye ncha ili isiote kutu. Kiungo cha SAC305 kikipoa na rangi iliyofifia, usikipashe upya kwa sababu hiyo tu. Ndivyo kilivyo. Angalia kama lehemu imeshika pedi na mguu pande zote.

Jihadhari pia na waya wa bei ya kutupa ulioandikwa 63/37 huku bati limepunguzwa. Yeyusha tone na ulitazame likipoa. 63/37 halisi huganda papo hapo. Ile ya bati 40 na risasi 60 hupita kwanza hali ya ujiuji, kwa sababu huanza kuganda karibu na nyuzi 238 na kumaliza kwenye 183. Kijenzi kikitikisika katika muda huo, kiungo kinaweza kupasuka ndani.