Munionyeshe basi iko wapi hiyo buto ya kuchora terili

Leo nimechoka kweli. Jumapili iliyopita kwenye ubatizo wa mtoto wa yaya yangu, ndugu yangu mkubwa, papa mukubwa alichukua simu yangu akaangalia picha nilizochora kwa kompyuta za terili, ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba hapa Lubumbashi, Kongo, toka ya kwanza mpaka ya mwisho, zote 14, anapitisha kidole polepole kama mtu anatafuta mustari mu Biblia, halafu akanirudishia simu na kusema: "Ni muzuri, mama. Lakini ile ni mashini njo inachora, weye unafinyaka tu." Yaani nabonyeza buto, kitufe, basi. Meza nzima ikaitikia kwa kichwa. Kuna mama mmoja hata akaongeza kwamba mtoto wake naye ana ile programu ku simu.

Hayo maneno nayasikia mwaka wa sita sasa. Kanisani, saluni, kwa mteja aliyetaka kulipa nusu bei kwa sababu "hakuna hata kopo ya rangi umenunua". Basi naandika mara moja tu, na mtu akiniambia tena namtumia hii, sijibu kingine.

Yale madogo haraka haraka. Natumia Krita, programu ya kuchora, ni ya bure, na tableti ndogo ya kuchorea ambayo inasoma ngazi 4096 za mgandamizo wa kalamu. Inajua mkono umepita wapi na umekandamiza kwa nguvu gani, basi, haijui kama nachora mlima ama sufuria ya bukari (ugali). Kalke, zile tabaka za picha unazopanga moja juu ya nyingine, ni kalke tu, kila mtu anazo, hazimfanyi mtu kuwa mchoraji. Na nyinyi mnaoniuliza "si ni AI?", ile akili bandia inayotengeneza picha ukiiandikia, nilishajaribu, niliiandikia terili ya Lubumbashi ikanipa mlima una theluji kichwani. Theluji. Lubumbashi. Tuendelee.

Kwa asiye wa hapa, terili ni ule mlima mweusi ulio karibu na lile bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya shaba, ni skoria, uchafu uliobaki kila walipoyeyusha shaba, na tanuru lenyewe lilianza kumwaga shaba 1911 kwa hiyo hesabu mwenyewe. Kazi yangu ni hiyo tu: mlima mmoja, mahali pamoja pa kusimama, saa tofauti. Hakuna aliyeniagiza, hakuna anayenilipa.

Sasa tuje kwenye kinachonichoma: rangi. Watu wanasema, si unapiga foto, unachukua pipeti, ile ya kunyonya rangi ndani ya programu, unagusa mlima na rangi inakuja yenyewe? Haya, gusa. Mimi niligusa foto ya saa kumi jioni mahali patano, nikapata 31-31-33 (namba za nyekundu, kijani na buluu), halafu 44-40-47, halafu 19-22-20, na mbili zingine ambazo hata sikuziandika kwa hasira. Mlima mmoja, foto moja. Ni ipi kati ya hizo? Simu ilishaamua yenyewe mwanga ule ni wa rangi gani kabla mimi sijaamua, ikaondoa machungwa ya jioni ikidhani ni kosa. Halafu JPEG, faili ya foto ya simu, mara nyingi kwa kila pikseli nne, zile nukta ndogo za foto, inaweka mwanga wa zote nne lakini rangi inaweka moja, nne zinagawana kama sahani moja ya dagaa, kwa hiyo pale unapogusa jiwe unaletewa pia kidogo ya jani lililo pembeni yake. Na kwenye giza ndiyo mbaya zaidi, kule kamera inaanza kubuni.

Lakini tuseme pipeti inasema kweli tupu. Bado ingekudanganya, na hapa ndipo ningependa watu wakae wanisikilize. Kulikuwa na mkemia Mfaransa, Chevreul, alikuwa msimamizi wa kutia rangi nyuzi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Wakamletea malalamiko kwamba nyuzi zake nyeusi hazina nguvu, zinaonekana zimefifia zikifumwa ndani ya buluu na zambarau. Akapima uzi, uzi hauna shida. Shida ilikuwa jirani! Nyeusi ileile ukiikalisha pembeni ya rangi nyingine jicho lako linaibadilisha, jirani anaipaka kinyume cha rangi yake mwenyewe. Kitabu chake kuhusu hayo kilitoka 1839, na mpaka leo mtu ananiambia nyeusi ni nyeusi tu.

Mu Lubumbashi hiyo siyo nadharia. Mwezi wa tisa mchana anga ni jeupe la vumbi na moshi wa majani yanayochomwa, terili inakaa kama shimo lililokatwa kwa makasi. Mbele yake udongo wetu mwekundu, na karibu na ule udongo sehemu ya chini ya mlima inageuka kijanikijani, ningeapa mbele ya pasta kwamba ni kijani. Saa kumi na mbili anga likiwa machungwa mlima wote unakuwa buluu. Picha ya 9 nilipoteza siku tatu hapo: niliona buluu, nikaweka buluu, lakini anga la machungwa nililochora lilikuwa tayari linaongeza buluu yake kwenye jicho la mtazamaji, zikawa buluu mbili, terili ikafanana na jinzi. Nilipofuta ile yangu nikaacha kijivu cha kahawia, mara buluu ikarudi yenyewe na safari hii ilikuwa sawa. Yaani rangi sahihi ilikuwa ile isiyofanana kabisa na ninachokiona. Sasa hiyo buto inafinywa wapi?

Na faili ya kawaida ya biti 8 ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, kati yake giza lote la terili linabanana kwenye kama 40 za chini, ukijaribu kulainisha kivuli kinatoka mistarimistari kama ngazi. Ndiyo maana nafanya biti 16, yenye ngazi nyingi zaidi, ndiyo maana kompyuta inalia kama pikipiki, ndiyo maana kuran, umeme, ikikatika nalia pia mimi. Tuachane na hiyo.

Sasa niseme na kile ambacho sikukisema pale mezani, kwa sababu papa mukubwa hakukosea yote. Kuna kitu kinaitwa stabilaiza: mkono ukitetemeka programu inachukua wastani wa mtetemo na kutoa mstari mtulivu. Ule mgongo wa mlima kwenye picha ya 3 ambao kila mtu aliusifu, ulichorwa na nani? Sijui. Nimejiuliza usiku mwingi na sijui. Toka picha ya 6 nimeizima, mistari imekuwa mibaya zaidi na hakuna aliyeisifu, na nikiwa nimechoka bado naiwasha kidogo, namba ndogo, kama mtu anayesema ameacha sukari. Halafu ile kurudisha nyuma, kufuta mstari uliokosea kama haukuwepo. Inaufanya mkono kuwa mwoga, unachora mstari mmoja mara ishirini kwa sababu haukugharimu kitu. Hapa kwetu mchoraji Bela alipaka kwa vidole, vidole tu, ndani ya ile Hangar, shule ya uchoraji aliyoifungua Romain-Desfossés 1946, na mwenzake Mwenze Kibwanga alijaza picha nzima kwa vistari vifupivifupi visivyohesabika, nao hawakuwa na pa kurudi nyuma. Nikiangalia vile vistari naona haya kidogo. Lakini pia nasema, Sammy Baloji, mpiga picha wa hapa Lubumbashi, alichukua watu wa kwenye foto za zamani za kolonia akawasimamisha ndani ya foto za mitambo ya Gécamines iliyokufa, kwa kompyuta, na uende ukamwambie kwamba mashini njo ilifanya.

Enfin. Pale ubatizoni nilikasirika nikamuuliza, papa mukubwa, wewe uliyefanya kazi pale kwenye tanuru, terili ni rangi gani? Nilitegemea aseme nyeusi ili nianze mahubiri yangu ya Chevreul. Akacheka. "Bale banasemaka nyeusi ni bale habayafika kule. Skoria ikitoka ni kama jua, inakuya nyekundu, kisha ikipola ni kama maini ya ngombe. Mvua ikinyesha inangala."

Maini ya ng'ombe! Miaka miwili nagusagusa kwa pipeti na hakuna siku imenipa maini. Nilirudi nyumbani nikaweka kalke moja chini ya kijivu, 52-33-36, opasite, yaani kiasi inavyofunika, kama asilimia 20 hivi, na mlima ukapata uzito, ukakaa chini kama mtu aliyekula akashiba. Shida ni kwamba sasa sijui kama naona maini kwa sababu yapo ama kwa sababu ameniambia, na siwezi tena kuuangalia ule mlima bila kuyaona, hata zile picha 14 zote zimeharibika machoni pangu.

Na wenyewe hautulii. Toka miaka ya 2000 wanaichukua ile skoria wanaiyeyusha tena kutoa kobalti, mgongo niliouchora kwenye picha ya 1 siyo mgongo uliopo leo, kona ya kushoto imeliwa. Mtu akilinganisha atasema nimekosea kuchora.

Picha ya 15 ni ya saa kumi na moja, baada ya mvua, ile kona naichora kama ilivyo sasa. Papa mukubwa hajaiona bado, mega zake za intaneti zimeisha, nitampelekea mwenyewe na simu yangu. Stabilaiza ilikuwa imezimwa, karibu muda wote.